Darasa la Mwanafunzi Mmoja

Mama zangu, shikamooni. Na ninyi wa rika langu, hamjambo.

Nimekaa pale nyuma nikiwasikiliza waliotangulia. Karibu kila aliyesimama amesema Bwana asifiwe, mkaitika amina. Yule mama wa dirishani akasema asalaam aleikum, wachache wenu mkaitika vizuri kabisa. Mimi nikawa najiuliza, zamu yangu ikifika nitasema nini? Kwetu, mwanamke akimsalimia mwanamke mwenzake anasema "Takwenya", na yule anajibu "Iko". Naomba tujaribu. Takwenya.

Ahsanteni. Hata mliocheka mmeitika.

Mama mwenye nyumba wangu ndiye aliyenileta hapa kwenye kikao chenu cha akina mama. Aliniambia, "Mwalimu, wewe una jambo la kuwaambia wenzako, mbona unakaa nalo tu chumbani?" Sikujua kama nina jambo. Lakini nimepanga kwake hapa Lemara mwaka wa pili sasa, na mtu uliyepanga kwake humkatalii kirahisi.

Mimi nimezaliwa Oldonyo Sambu, kule nyuma ya Meru ambako mvua inafika ikiwa imechoka. Tunalima mahindi na maharage kidogo, tunafuga. Majirani zetu ni Walutheri na Wakatoliki, watu wema, tunachota nao maji pamoja na kuazimana majembe. Boma letu lilikuwa moja kati ya machache sana yaliyobaki bila kubatizwa. Si kwamba baba yangu aliwachukia watu wa kanisa. Alikuwa na mama yake, yaani bibi yangu, ambaye sisi tunamwita Koko, na Koko alimwomba Engai, Mungu wetu, kama mama yake alivyomwomba. Asubuhi akikamua, maziwa ya kwanza anayanyunyiza juu, anaomba mvua, anaomba watoto, anaomba ng'ombe, kisha anaendelea na kazi. Hiyo ndiyo dini yetu. Haina jengo, haina kitabu, haina kwaya. Watu wakituuliza tuna dini gani tunakosa la kusema, basi wanaandika kwamba hatuna.

Nikafaulu darasa la saba. Wakati huo serikali ilikuwa imejenga mabweni ya wasichana, ili sisi tunaotoka mbali tusiishie njiani. Nikapangiwa shule yenye bweni. Kitanda cha serikali, chakula, walimu, ada hakuna. Baba aliuza mbuzi akaninunulia tranka na godoro. Alinipeleka mwenyewe, akalipiga tranka kofi kama mtu anayeaga ndama, akaondoka. Ndivyo alivyo.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi masomo hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni kipindi cha dini.

Mnakijua. Kila wiki siku moja kengele inagongwa, wanafunzi wanagawanyika. Walutheri bwaloni, Wakatoliki darasa lile, Wasabato huku, Waislamu maabara. Kwa muda mfupi uwanja mzima unajaa watu wanaopishana, kila mtu anajua anakokwenda. Halafu uwanja unabaki mtupu, na mimi niko katikati na begi langu. Siku ya kwanza nilisimama tu. Mwalimu wa zamu akaniuliza, "Wewe kwenu ni wapi?" nikasema Oldonyo Sambu. Akasema, "Nakuuliza dini." Nikasema ya nyumbani. Akacheka, akaniambia nichague darasa lolote nikakae. Sikuchagua. Nikaenda chooni nikajifungia mpaka kengele ya pili. Na ndivyo nilivyofanya kila wiki, kwa hiyo dini niliyoijua vizuri pale shuleni ni ya mlango wa choo, na misumari yake yote.

Mnacheka, na mimi leo nacheka. Wakati ule sikucheka hata kidogo.

Nilikuwa na rafiki mmoja. Jina lake naliacha, ana watoto wake sasa. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Huyu hakunisumbua na maswali. Nilimpenda, kwa kweli.

Sasa siku ya wazazi, kidato cha pili, Koko akaja. Hajawahi kufika shule yoyote. Alikuja na shuka zake, shanga zake na kibuyu cha maziwa. Wazazi wengine wamekaa kwenye viti chini ya turubai na soda zao. Mimi namkimbilia, nainama anishike kichwa kama desturi. Koko akafungua kibuyu, akanywa funda moja, akanitemea kifuani. Mbele ya watu wote. Kwetu hiyo ni baraka. Mtoto akienda mbali, mzee anamtemea maziwa ili njia yake iwe laini. Ningekuwa nyumbani, dada zangu wangenionea wivu. Pale nilisikia wasichana wakivuta pumzi kwa pamoja. Na mimi, badala ya kujifuta, nikamshukuru, maana ndivyo nilivyolelewa.

Jioni nikampa rafiki yangu maziwa yaliyobaki. Yale maziwa ya kibuyu yana harufu ya moshi, yanakaza ulimi. Alikunywa, akakunja uso, akaomba tena.

Wiki hiyo hiyo mapepo yakaingia shuleni. Mmeshayaona haya mambo. Msichana mmoja anapiga kelele, anaanguka, wa pili anaanguka, wa tano, wa kumi. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, sahani za maharage zikaruka. Na wa kwanza kuanguka alikuwa rafiki yangu. Alitetemeka, macho yamegeuka, watu wanamshika mikono, na akasema neno moja tu: "Maziwa. Maziwa."

Sikuwa na haja ya kusikia zaidi. Niliona vichwa vinageuka.

Walilifungua tranka langu wakatoa kile kibuyu wakakichoma moto nyuma ya jiko. Watu wa maombi waliitwa, waliniwekea mikono kichwani, wakaniombea kwa nguvu, na niseme kweli, hawakunipiga wala kunitukana. Matroni akanihamishia kwenye chumba kidogo kando ya jiko, akasema ni kwa usalama wangu. Kuanzia hapo nikala peke yangu. Nikinywa bombani, anayefuata anaacha maji yatiririke kwanza ndipo akinge. Darasani dawati langu lilikuwa la watu wawili, nikakaa mimi na nafasi. Rafiki yangu alipopona akarudi darasani, alipita mbali nami akiangalia chini. Ninaamini aliona aibu. Lakini aibu yake haikunisaidia kitu.

Mama zangu, upweke una hatua yake mbaya kuliko zote, na mimi niliifikia. Mwanzoni unasema, hawa wananionea. Baadaye unasema, labda kuna kitu. Nilianza kujiogopa. Nikimwangalia mtoto wa kidato cha kwanza naondoa macho haraka, nisije nikamwangusha. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nami nikaamini kwamba bibi yangu aliniwekea kitu kifuani.

Siku moja walinipa ruhusa niende zahanati kwa kuumwa kichwa. Sikwenda zahanati. Nilirudi nyumbani.

Baba aliniona naingia bomani na sare, akaendelea kufunga ndama. Jioni ndipo aliponiuliza. Nikamweleza yote, nikijua Koko anasikia pale alipo. Nilipofika kwenye maziwa nikashindwa kumwangalia. Koko akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye mchawi wa shule." Hakusema kwa hasira. Alichukua ugoro wake, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Nilikaa nyumbani miezi. Nikachunga, nikateka maji, nikapika. Wenzangu niliosoma nao msingi wakija likizo wanapita njia ya juu kunikwepa. Jirani mmoja, mama mzuri wa Kilutheri ambaye kila Krismasi hutuletea chapati, akaja akazungumza na baba. Alisema, "Mtoto abatizwe tu, hili jambo liishe. Kanisa lina shule, nitamwombea nafasi." Na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Ninyi mnaokaa hapa mngesema vile vile, na ningewashukuru.

Ningekubali. Sikuwa na nguvu ya kukataa chochote. Baba akaniambia, "Ukitaka kubatizwa, nitavaa koti nije nikushike mkono. Lakini mimi nakuona unakimbia. Mtu anayekimbia hachagui njia." Nikasema nitafikiri. Sikufikiri kitu. Nilikuwa nalala tu.

Ndipo serikali ilipokuja. Nasema serikali, lakini alikuja mwanamke mmoja, afisa ustawi wa jamii kutoka halmashauri, juu ya pikipiki, viatu vimejaa tope la shamba letu. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia wasichana walioacha shule. Alikuwa Mchaga, mnene, anapumua kwa shida, na alipopewa maziwa alikunywa yote bila kuuliza yametoka kwenye nini. Mimi nilimtazama anavyokunywa. Nikasubiri aanguke.

Hakuanguka. Aliomba tena.

Baba alidhani amekuja kumshitaki, akaanza kujieleza. Yule mama akasema, "Mzee, tulia. Nimekuja kumrudisha mtoto. Ile shule ni ya serikali, si ya dhehebu lolote. Serikali haina dini."

Nikamtafsiria Koko. Koko akafikiri, akasema, "Mwambie na sisi wanasema hatuna. Basi tutaelewana na hiyo serikali."

Afisa alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akanigeukia mimi. Hakuniuliza habari za mapepo. Aliniuliza, "Ukirudi, unataka kitu gani kiwe tofauti?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Kipindi cha dini nisikae chooni." Akasema ile shule hatanirudisha, atanitafutia uhamisho. Akaja tena mara ya pili, na ya tatu, maana uhamisho haukuwa rahisi, kila mlango aliogonga walimwambia subiri. Mara ya nne alikuja na jibu.

Shule mpya ilikuwa huku chini karibu na mji. Nikarudia kidato cha pili. Wiki ya kwanza nilikula pembeni mwenyewe kabla hawajanitenga, ili kuwapunguzia kazi. Kisha ikafika siku ya dini. Kengele ikagongwa, uwanja ukajaa, uwanja ukabaki mtupu, na miguu yangu yenyewe ikaelekea chooni.

Mkuu wa shule akaniita. Mwanamke Mkatoliki, mkali, wasichana walimwogopa kuliko mitihani. Afisa alikuwa ameshamweleza. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kuomba?"

Nikasema, "Bibi yangu."

"Yupo hai?"

"Yupo."

"Anaweza kufika hapa?"

Nikadhani ananikejeli. Akasema, "Kila dini hapa ina mwalimu anayetoka nje. Padri anakuja, mchungaji anakuja, ustadhi anakuja. Wewe mwalimu wako ni bibi yako. Aje. Nitawapa stoo ya vitabu."

Siku iliyofuata kwenye ratiba ya ubao wa ofisi, chini ya madhehebu yote, aliongeza mstari kwa chaki: dini ya asili, stoo ya vitabu. Walimu wengine walinung'unika, nilisikia. Mmoja alisema tunafungulia mlango kitu tusichokijua. Yeye akajibu, "Ni bibi kizee na mjukuu wake. Mnaogopa nini?"

Koko alipopelekewa habari alisema magoti yanamuuma. Halafu akauliza gari linaondoka saa ngapi.

Sasa msifikiri alikuja kunimwagia hekima. Koko wangu hakuwa mtu wa hekima, alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliingia stoo akalalamikia kiti, akalalamikia vumbi, akauliza chai iko wapi. Akaomba kama anavyoomba kwa ng'ombe, maneno machache, akiwa ameshika nyasi alizong'oa kwenye bustani ya shule, mahali pameandikwa usikanyage. Akanitemea mate kidogo kichwani, maana maziwa hakuleta, aliogopa kunisababishia matatizo tena. Hilo liliniuma. Baadaye akanipa habari za nyumbani, nani kaoa, ng'ombe gani kazaa, halafu akasinzia. Hicho ndicho kilichokuwa kipindi changu cha dini.

Alikuja kila alipoweza. Wasichana walikuja kuchungulia dirishani. Koko akaniuliza wanataka nini, nikamwambia wanakuangalia wewe. Akasema, "Waingie au waondoke, wananizibia mwanga." Hawakuingia. Nisiwadanganye, hakuna aliyeingia hata siku moja, kwa miaka yote. Sikupata kundi. Nilikuwa mwanafunzi mmoja wa darasa moja. Ila hakuna aliyeanguka, na nilikuwa na mahali pa kwenda kengele ikigongwa. Nilivuka uwanja kama wengine, na begi langu, nikijua ninakokwenda. Mtu ambaye hajawahi kukosa mahali pa kwenda hawezi kujua hilo lina uzito gani.

Nikaanza kusoma. Nikaacha kujiogopa. Siwezi kuwaambia siku gani hasa.

Kidato cha nne, karibu na mtihani, Koko akafariki. Kifua tu, alikuwa mzee. Tulimzika nyumbani. Yule jirani wa chapati alikuja na kwaya yake, akamwomba baba kama wanaweza kuimba kidogo. Baba akasema waimbe. Waliimba vizuri.

Nikarudi shule, na siku ya dini ikafika. Kengele ikagongwa. Nilifikiri, sasa sina mwalimu, mstari wangu utafutwa pale ubaoni, na mimi narudi kule kule. Nilikwenda stoo kwa mazoea. Kile kiti alichokilalamikia kilikuwa wazi. Nikakaa changu, nikajaribu kuomba, na maneno yakakataa. Nilijua kuomba nikimsikia yeye tu. Nikalia. Sijawahi kuwa peke yangu kama siku ile, hata kwenye kile chumba cha jiko, maana kule nilikuwa na bibi nyumbani.

Mlango ukagongwa. Ni mkuu wa shule. Wakatoliki wake walikuwa darasani wanamsubiri, yeye ndiye aliyekuwa akiwashika padri asipokuja. Akaingia, akavuta kile kiti cha Koko, akakaa. Akasema, "Mimi siwezi kukufundisha hii, siijui. Lakini kipindi kipo kwenye ratiba, na hakuna mtoto anayekaa bila mtu mzima."

Nikasema, "Sijui la kufanya, madamu."

Akasema, "Hata mimi. Tukae."

Tukakaa. Hakutoa rozari, hakuniombea, hakuniambia Koko yuko wapi sasa. Alikaa ameweka mikono magotini mpaka kengele. Wiki iliyofuata akaja tena. Akaja hadi nilipofanya mtihani.

Nilifaulu, nikaenda chuo cha ualimu. Leo nafundisha shule ya msingi kule Kwa Mrombo.

Namshukuru yule afisa aliyekunywa maziwa yetu na kurudi hadi mara ya nne. Namshukuru yule mkuu wa shule. Kwa mdomo wangu naishukuru serikali, ambayo watu huisema sana, na wana haki, lakini mimi ilinijengea kitanda na ikanifuata hadi bomani nilipokikimbia. Namshukuru baba yangu. Na rafiki yangu wa kitanda cha juu, popote alipo, sina kinyongo naye, alikuwa mtoto kama mimi.

Mmesema kila anayesimama atoe funzo. Mimi funzo langu ni dogo, tena ni ombi.

Mnanijua. Jumapili asubuhi nyumba yetu nzima inaondoka kwenda ibada. Wapangaji wote, na watoto wamepakwa mafuta. Mama mwenye nyumba ananiachia ufunguo wa geti. Mimi nafua. Uani panakuwa kimya kabisa, nasikia maji yakidondoka kwenye nguo. Nimezoea, lakini kuzoea si kupenda. Wengi wenu mmeshanialika kanisani kwenu, na ninawashukuru, ni upendo. Mkiona mtoto wa dini ndogo, awe wa kwetu, awe yule Mwislamu mmoja darasani, awe binti wa wale mabaniani wa dukani, mnaingiwa na huruma, na huruma inawaambia mmhamishe aje mlipo ninyi. Wengine watahama kwa moyo, wahame. Asiyehama, kaa naye pale alipo.

Basi mimi naomba hivi. Jumapili mkishatoka ibada, kabla hamjavua nguo zenu nzuri, mnigongee mlango. Nitakuwa nimeshaanika, na chai itakuwa motoni.